Dada na shemeji wamekataa mtoto kuongezewa damu kwa sababu ya imani, nani ana haki ya kuamua?

mama_mdogo:

Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo yenu, na tafadhali tusitukane dini ya mtu maana hawa ninaowaongelea ni ndugu zangu na nawapenda.

Dada yangu na mume wake ni Mashahidi wa Yehova, mimi sio. Wana mtoto wa miaka 4 mwenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, mimi ndio mama yake mdogo na siku nyingi nashinda naye wao wakiwa kazini. Majuzi bandama ilimvimba ghafla, asubuhi alikuwa anacheza, jioni viganja na midomo imepauka hana hata nguvu ya kulia. Tukamkimbiza hospitali, kipimo cha wingi wa damu kikaonyesha 5.1, dokta wa zamu akaleta fomu ya ridhaa aongezewe na shemeji akasema hasaini. Walibishana palepale kitandani, mtoto anahema haraka haraka, dada kainamisha kichwa ameshika mguu wa mwanawe hasemi neno. Mungu mkubwa, usiku ule bandama ikaanza kunywea na damu ikapanda kidogo yenyewe, akaruhusiwa bila kuongezewa.

Sasa shemeji anasema mnaona, tungesaini tungekuwa tumemkosea Mungu bure. Lakini dokta wa kliniki ametuambia wazi kwamba hili tatizo likishatokea mara moja lina tabia ya kurudi, na safari nyingine damu inaweza kushuka mpaka 3 ndani ya masaa machache.

Naomba kujua, hospitali inaweza kumuongezea damu wazazi wakiwa wamekataa? Mimi mama mdogo naweza kusaini wao wasipokuwepo? Nikienda ustawi wa jamii mapema nitakuwa nimemsaidia mtoto au nimevunja nyumba ya dada yangu? Na la mwisho ndio linaninyima usingizi, akiongezewa kwa nguvu watamuangalia vipi huyu mtoto baada ya hapo?

nesi_wodi_ya_watoto:

Pole sana mama mdogo. Nimefanya kazi wodi ya watoto muda mrefu na hiyo picha ya fomu kitandani naijua, wote pale wanaogopa, dokta anaogopa, mzazi anaogopa, na kila mmoja anaonyesha woga wake kwa hasira.

Kwanza elewa kilichomtokea mtoto. Bandama inanasa chembe za damu nyingi kwa mpigo, damu inayozunguka mwilini inapungua ghafla, ndio maana anapauka na kuhema. Wakati mwingine inaziachia zenyewe kama ilivyokuwa kwenu. Wakati mwingine haiachii na mtoto anafariki kabla hamjamaliza kubishana, nakuambia hivi bila kukutisha. Kwa hiyo hoja ya shemeji kwamba safari hii alipona bila damu haituambii chochote kuhusu safari ijayo. Hata tunapoongeza damu kwenye hali hii tunaongeza kidogo kidogo, maana bandama ikija kuachia zile ilizonasa damu inakuwa nzito kupita kiasi, kwa hiyo usidhani madokta wanakimbilia chupa ya damu kwa mazoea tu.

Na niwatendee haki wazazi, sio kila damu ikiwa chini lazima mtoto aongezewe papo hapo. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa uliofanyika Uganda na Malawi, watoto wenye damu kati ya 4 na 6 ambao hawana dalili za hatari, yaani hawahemi kwa shida, fahamu zipo, moyo haujaelemewa, walioongezewa mara moja na waliosubiriwa kwa uangalizi wa karibu vifo havikutofautiana. Ila chini ya 4, au 4 mpaka 6 na mtoto anahema kwa shida au anaanza kulegea, hapo hakuna cha kusubiri na hakuna dawa ya kumeza wala sindano inayofanya kazi ya damu ndani ya hayo masaa. Madini ya chuma na zile sindano za kuchochea uboho zinachukua siku na wiki.

Kwa hiyo kuna maswali mawili hapa na watu wanayachanganya. Kuna la usiku wa dharura, na kuna la miezi yote kabla ya huo usiku. Hilo la pili lina nafasi kubwa ya kuheshimu imani yao. Muulizeni dokta kuhusu dawa ya haidroksiyurea, inapunguza maumivu na inapunguza mara ambazo mtoto wa sikoseli anahitaji damu. Ulizeni kuhusu kipimo cha mishipa ya kichwa, kile cha Dopla, kinaonyesha mtoto aliye kwenye hatari ya kiharusi. Hapa lazima niwe mkweli, utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wenye kipimo kibaya wakiongezewa damu mara kwa mara kiharusi cha kwanza kinapungua kwa zaidi ya asilimia 90, ndio maana damu inashauriwa. Mwaka 2016 ukaja utafiti mwingine, watoto walioongezewa damu kwa mwaka au zaidi na mishipa yao haijaharibika sana waliweza kuhamia haidroksiyurea bila kupoteza hiyo kinga. Na kama tatizo la bandama litajirudia bingwa anaweza kushauri itolewe kwa oparesheni, nayo inataka maandalizi, chanjo, na dawa za kuzuia maambukizi baadaye.

Halafu kitu cha kufanya leo leo, mwambie nesi wa kliniki akufundishe kupapasa bandama, chini ya mbavu za kushoto, mtoto akiwa amelala chali. Papasa kila siku ukiwa unamuogesha mpaka mkono wako ujue kawaida yake. Ukikuta imevimba na kushuka chini zaidi kuliko jana na mtoto amepauka usingoje mtu arudi kazini, nenda.

Kusaini wewe, hapana, labda uwe mlezi kisheria. Ila dharura ikiwa ya kweli na wazazi hawapatikani dokta anatibu, hasubiri sahihi ya mtu. Wakiwepo na wamekataa ndio tunaita bingwa, tunaita ustawi wa jamii na uongozi wa hospitali unatafuta amri ya mahakama. Mwanasheria atueleze zaidi.

simba_mkali:

Hao wanyang'anywe mtoto na wawekwe ndani basi, hakuna cha imani hapo, ni mauaji.

wakili_wa_familia:

Mkuu simba punguza, nitarudi kwako.

Mama mdogo, kesi inayonukuliwa sana duniani kwenye hili ni ya Marekani ya mwaka 1944, Prince dhidi ya Massachusetts, na utashangaa haikuhusu damu wala hospitali. Ilikuwa ni mama mdogo na mlezi kama wewe, naye Shahidi wa Yehova, alishtakiwa kwa kumruhusu mtoto wa miaka 9 kugawa magazeti ya dini barabarani. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema wazazi wako huru kuwa mashahidi wa kufia imani yao wenyewe, lakini hawana uhuru wa kuwafanya watoto wao wafie imani kabla hawajafika umri wa kujiamulia. Kauli hiyo ndio imebeba hukumu nyingi sana za damu tangu hapo.

Afrika Kusini wameiandika waziwazi kwenye Sheria ya Watoto namba 38 ya 2005, kifungu cha 129, mzazi haruhusiwi kunyima ridhaa kwa sababu ya imani peke yake, isipokuwa aonyeshe kwamba kuna tiba nyingine inayokubalika kitabibu. Mimi naipenda sana hiyo "isipokuwa", maana haimfungi mzazi mdomo, inamwambia lete njia nyingine tuipime. Sheria hiyohiyo inampa msimamizi wa hospitali uwezo wa kuridhia kama ni kuokoa maisha na muda haupo. Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matibabu na chanjo. Kenya ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inasema maslahi ya mtoto ndio yanatangulia kwenye kila jambo linalomhusu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 nao unasema hivyo, na ibara ya 14 inampa mtoto mwenyewe uhuru wa dini, wazazi wanamuongoza kulingana na anavyokua. Hapo ndipo mimi nasimama. Huyu mtoto wa miaka 4 bado hajawa Shahidi, hajawa chochote, na ili siku moja achague lazima kwanza aifikie hiyo siku.

Ila sheria sio nyepesi hivyo watoto wakikua. Uingereza tangu kesi ya Gillick ya 1985 mtoto chini ya miaka 16 anayeelewa vizuri tiba anaweza kuridhia mwenyewe. Lakini kukataa tiba ya kuokoa maisha ni habari nyingine. Kulikuwa na kijana wa miaka 15 mwenye saratani ya damu, yeye na wazazi wake wote Mashahidi, wakakataa damu, jaji akamuona ana akili nyingi na msimamo, na bado akaamuru aongezewe. Alipofika 18 akawa mtu mzima, akakataa, akafariki. Mimi hukumu ya jaji naiona ilikuwa sahihi na bado kesi ile inanielemea kila nikiisoma.

Sasa simba. Kuna nchi zilizolegea, hilo kweli. Marekani majimbo mengi yaliweka kinga ya kutoshtakiwa kwa wazazi wanaotibu kwa maombi peke yake, na mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi wa vifo 172 vya watoto wa familia za namna hiyo kati ya 1975 na 1995, watoto 140 walikuwa na magonjwa ambayo kwa tiba ya kawaida zaidi ya asilimia 90 wanapona. Oregon waliiondoa kinga hiyo mwaka 2011. Kwa hiyo sipingi sheria kuwa na meno. Napinga kuanza na pingu kwa mzazi ambaye amemleta mtoto hospitali mwenyewe.

baba_wa_watatu:

Naandika kama Shahidi na kama baba, naomba nisomwe mpaka mwisho.

Watu wanasema tunakataa matibabu. Hapana. Sisi tunakwenda hospitali, tunafanyiwa oparesheni, tunachanja watoto, tunameza dawa. Tunachokataa ni damu nzima, chembe nyekundu, chembe nyeupe, chembe sahani (zinazogandisha damu) na utegili (maji ya damu), kwa sababu ya Biblia kwenye Matendo 15, kujiepusha na damu. Vitu vinavyotolewa ndani ya hizo sehemu kama albumini, ambayo ni protini ya damu, kila mtu anaamua kwa dhamiri yake. Nesi hapo juu ameeleza kuhusu haidroksiyurea, hiyo hainihitaji hata nifikirie mara mbili, na nina wasiwasi kwamba shemeji yako hajawahi kuelezwa hivyo kwa utulivu, labda amekutana tu na fomu usiku wa manane. Kuna ndugu zetu Mashahidi wa halmashauri ya uhusiano na hospitali, kazi yao ni kukaa na madokta na kutafuta njia zisizo na damu, wapigiwe mapema.

Na hata kupima damu, ombeni wachukue kidogo kwenye vichupa vya watoto, mtoto mwenye upungufu kutolewa damu kila asubuhi kwa vipimo nayo inampunguza.

Kuhusu swali lako la mwisho, dada yangu, nitajibu kwa nafsi yangu. Mahakama ikiamuru mwanangu aongezewe mimi nitakuwa nimesema hapana yangu na wenye mamlaka wameamua yao. Mtoto hajatenda kosa. Nitambeba nimrudishe nyumbani na sitamuangalia tofauti hata dakika moja. Ambaye atathubutu kumnyooshea kidole mtoto wa miaka 4 huyo ndio wa kuulizwa imani yake. Kinachotuumiza sisi ni kudharauliwa, kuambiwa humpendi mtoto wako, wakati umekesha unamwomba Mungu na machozi yanakutoka.

mwinjilisti_mstaafu:

Baba wa watatu umenena vizuri ingawa hatuko kanisa moja. Huku kwetu kwenye makanisa ya maombi shida ni kubwa zaidi maana kuna watumishi wanaowaambia akina mama watupe dawa za kifafa na za ukimwi za watoto wakapokee uponyaji. Mimi niliwahubiria miaka yote, nabii Isaya alipotumwa kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa kumwambia atapona alisema pia leteni andazi la tini mliweke juu ya jipu. Neno la Mungu lilishatoka na dawa ikawekwa vilevile. Luka anaitwa tabibu mpendwa na hakuna aliyemwambia aache kazi. Na ndugu zetu Waislamu wanayo hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Anayemnyima mtoto dawa kwa jina la imani asisingizie maandiko yote.

simba_mkali:

Sawa nimewasikia, lakini nyie mnabembeleza wazazi na mtoto ndio anayepumulia juu juu. Mbona wasiogopeshwe kidogo?

nesi_wodi_ya_watoto:

Kwa sababu mzazi aliyeogopeshwa hamleti mtoto tena. Basi. Sisi wodini tunamuona mtoto aliyeletwa, aliyefichwa hatumuoni mpaka amechelewa.

Angalia Zimbabwe mwaka 2022, surua iliua watoto zaidi ya 700, wengi wao hawakuwa wamechanjwa na serikali ilitaja makanisa ya madhehebu ya kitume yanayokataa chanjo. Lakini kwenye makanisa hayohayo kulikuwa na akina mama wanaowapeleka watoto kliniki usiku kwa siri ili viongozi wasijue. Wale akina mama walihitaji nini, polisi mlangoni au nesi anayefungua dirisha usiku na kutunza siri? Mimi najua jibu langu. Kwenye familia kama hii ya mama mdogo mara nyingi kuna mtu ndani ya nyumba ambaye hajasema neno na hajaulizwa anataka nini.

mama_mdogo:

Nesi hilo la mwisho limenigusa maana nimeongea na dada. Kumbe kliniki huwa anakwenda shemeji peke yake na yeye anapewa taarifa nusu nusu, hakuwa anajua hata kuwa tatizo linaweza kurudi. Alilia sana. Hajaiacha imani yake, ameniambia hivyo mara mbili, ila anasema hawezi kukaa tena kimya kama usiku ule. Amekubali twende wote watatu kliniki wiki ijayo na shemeji naye amekubali tuwaite hao ndugu wa halmashauri waje waongee na dokta, hili sikulitegemea kabisa.

Swali lililobaki ni la dada. Ameniuliza, yeye peke yake akisaini na mume akakataa inatosha? Na je asaini?

wakili_wa_familia:

Sehemu nyingi mzazi mmoja mwenye mamlaka juu ya mtoto akiridhia dokta anaruhusiwa kutibu, Uingereza kwa mfano kwa kawaida ridhaa ya mmoja inatosha. Wazazi wakipingana na muda upo, hospitali nyingi zitapenda mahakama iamue ili wasije wakashtakiwa. Ulizeni hospitali yenu hiyohiyo siku ya kliniki, wana mwanasheria au angalau afisa wa ustawi wa jamii anayejua utaratibu wa hapo.

Kuhusu kwenda ustawi wa jamii, sasa hivi usiende kwa mlango wa nyuma. Mwambie dokta mbele ya wazazi kwamba ungependa afisa huyo awepo kwenye kikao. Ikitokea baadaye wanaacha kuja kliniki au wanataka kumhamisha mtoto mtu asimuone, hapo nenda bila kuomba ruhusa ya mtu.

Je asaini, hilo sio la sheria.

baba_wa_watatu:

Hilo ngoja nilijibu mimi. Usimsukume dada yako asaini kinyume cha dhamiri yake, ataishi nalo kila akimuangalia mtoto na kila akimuangalia mume. Kama anataka kusaini ni lake. Kama hawezi, kuna kitu kingine anachoweza kusema na akabaki mwaminifu, amwambie dokta "mimi siridhii, lakini sitamtoa mtoto hospitali wala sitazuia mkitekeleza amri ya mahakama". Nimewahi kuwaona wazazi waliosema hivyo na ule ugomvi wa kitandani uliisha palepale, dokta akaenda kwenye simu, mama akarudi kumshika mtoto.

nesi_wodi_ya_watoto:

Na hayo maneno yaandikwe kwenye faili siku hiyo ya kliniki mtoto akiwa mzima, pamoja na damu yake ya kawaida ni ngapi, bandama inashuka vidole vingapi chini ya mbavu, kundi lake la damu, na namba ya simu ya dada, sio ya shemeji peke yake. Dokta wa zamu wa usiku huwa hamjui mtoto, anasoma kilichoandikwa. Chukueni nakala moja mkae nayo wewe mama mdogo maana wewe ndio unashinda naye.

mama_mdogo:

Nimeandika yote kwenye karatasi nitakayokwenda nayo. Leo dada ameomba nimuonyeshe namna ya kupapasa bandama ila nimemwambia asubiri tufundishwe wote na nesi, shemeji akasema na yeye afundishwe. Mungu awabariki, nikitoka kliniki nitawaambia dokta amesemaje kuhusu hiyo haidroksiyurea.